Kifuniko cha tangi: oringi nzima, vali inavuja

Hatimaye maji yamegoma kushuka. Tofauti ya sentimita 30 kwenye mpira wa U, ule mrija wa maji ninaopimia kama kifuniko cha tangi la petroli kinavuja hewa; nimeyaacha nikaenda kuoga, nimerudi yako palepale. Asiyefuatilia mradi huu ataona ni furaha ya kitoto. Aliyewahi kukaliwa rohoni na P0442, msimbo wa hitilafu wa kompyuta ya gari, hahitaji maelezo.

Hali ilikuwa hii: gari linatembea vizuri, halinuki petroli, lakini taa ya injini inawaka na skana, kifaa cha kusoma misimbo ya gari, inasema kuna uvujaji mdogo wa mvuke wa petroli. Na "mdogo" hapo ni mdogo kweli. Kwa magari mengi P0442 inaanzia kwenye tundu la kama milimita 1, na ndugu yake P0456 anasaka hadi nusu milimita. Tundu la aina hiyo hulioni kwa tochi wala hulisikii kwa sikio.

Ushauri wa kila mtu ni uleule: kaza kifuniko mpaka kilie. Kimelia. Kimelia sana. Ule mlio hauna habari na kuziba; ni meno ya ndani yanayoruka ukishafikisha nguvu iliyopangwa, ili usikaze kupita kiasi ukaponda mpira au kuvunja plastiki. Kifuniko kinaweza kulia vizuri kabisa na bado kikapumua kama kawaida.

Oringi, ile pete ya mpira inayoziba ukingo wa kifuniko, nilishaibadilisha. Ile ya zamani ilikuwa imebonyea upande mmoja, kwa hiyo nilikuwa na kila sababu ya kuamini kazi imekwisha. Taa ikarudi. Kinachochosha kwenye kujaribu hivi garini ni kwamba kompyuta haipimi unapotaka wewe. Inataka injini iwe imelala ikapoa, tangi lisiwe limejaa wala kukaribia kuisha, na masharti mengine yanayotofautiana gari kwa gari. Unafuta msimbo, unazunguka na gari huku unajipongeza, kumbe jaribio lenyewe halijaanza.

Ndiyo maana nikaamua kukipima kifuniko mezani, peke yake. Nilipata shingo ya tangi iliyokatwa kutoka gari bovu la modeli hiihii. Nimeiosha na kuianika mpaka harufu ya petroli ikaisha kabisa, na hatua hiyo sina mjadala nayo. Chini nimeziba kwa kizibo kinene cha mpira chenye vijibomba viwili, kimoja kinaenda kwenye ule mpira wa U, mwangavu, wenye maji ya rangi, kingine kwenye bomba la sindano la mililita 60 lenye kikoki cha kufungia.

Hapa niseme kidogo kuhusu vifaa. Geji ya tairi haina kazi hapa. Sentimita 30 za maji ni kama kilopaskali 3 tu, na tairi ya gari dogo ina zaidi ya 200. Mshale hautashtuka hata kidogo. Pampu ya baiskeli nayo ni fujo, msukumo mmoja tu na maji yote yako kwenye dari. Bomba la sindano ndilo lenye adabu: unasukuma polepole, maji yanapanda, unafunga koki, unatia alama kwa kalamu. Kuna wanaopuliza kwa mdomo. Mimi sipendi, pumzi ina joto na unyevu, na joto ndilo lililonitesa kuliko kitu chochote katika mradi huu.

Maana kwanza maji yalikuwa yanapanda. Yenyewe! Unafunga koki, unakaa, tofauti inaongezeka. Kifuniko kinachotengeneza hewa sijawahi kukisikia. Kumbe ni mkono wangu ulioshika shingo. Hewa iliyofungiwa, ikipata nyuzi joto 1 tu, inaongeza msukumo wa zaidi ya sentimita 3 za maji kwa joto la kawaida la chumba. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: wingu likipita dirishani chombo kinapoa, maji yanashuka, na wewe unahukumu kifuniko kisicho na hatia. Sasa chombo kinakaa kivulini, kimefungwa kwenye jiliwa, sikigusi. Nasukuma hewa, nasubiri itulie, narekebisha, halafu ndipo naanza kuhesabu dakika. Kabla ya kupima kifuniko chochote naziba shingo kwa kizibo kizima nihakikishe chombo chenyewe hakivuji.

Baada ya hapo kifuniko kikajisema chenyewe. Maji yakaanza kushuka taratibu, bila aibu. Nikapaka maji ya sabuni kuzunguka ukingo, mahali ambapo oringi inakalia. Kimya. Nikamwaga sabuni juu ya kifuniko, na vipovu vikaanza kutoka chini ya mshikio, katikati kabisa, kimoja baada ya kingine.

Oringi nilikuwa nimeisingizia, au tuseme haikuwa peke yake. Kwenye vifuniko vingi vya magari yenye mfumo wa mvuke, ule unaozuia mvuke wa petroli usitoke nje, kuna vali mbili ndogo katikati. Moja inaachia msukumo ukizidi ndani ya tangi, nyingine inaruhusu hewa kuingia tangi likinyonya, lisije likabonyea. Hii ya pili ni kisahani cha mpira kinachosukumwa na springi laini mno. Nilimulika kwa tochi kupitia matundu ya chini huku nimeshika lenzi: chembe ya mchanga, ndogo kuliko kichwa cha pini, imelala kati ya kisahani na siti yake, yaani pale kinapokalia. Kisahani kimeinama upande kwa unene wa karatasi. Basi. Huo ndio msiba wote.

Sikutumia dawa ya kusafishia kabureta, inatafuna mpira. Nilikisukuma kisahani kwa kijiti cha mbao, nikapuliza hewa kwa bomba lilelile la sindano, nikarudia mpaka siti ikang'aa. Kurudi mezani, sentimita 30, na hapo ndipo nikaenda kuoga.

Kwa wanaopaka grisi kwenye oringi: acheni. Petroli inaiosha, na kinachobaki kinakamata vumbi, na vumbi mmeshaona linafanya nini. Kitambaa kikavu kwenye mpira na kwenye mdomo wa shingo kinatosha. Ukiona kutu kwenye mdomo huo, hata oringi mpya haitakusaidia. Wangu ulikuwa safi.

Kile kifuniko kipya kisicho cha kampuni ya gari nilichonunua kwa hasira nacho nilikipima. Kinavuja kwenye maungio ya plastiki, tangu kwenye boksi. Na ukibadilisha, tazama aina. Kifuniko chenye tundu la kupumulia ukikiweka kwenye gari la mfumo wa mvuke, umejitengenezea msimbo. Kisichopumua ukikiweka kwenye tangi la kizamani linalotegemea kifuniko kupata hewa, injini itakosa mafuta njiani.

Garini jaribio la mvuke limekamilika, skana inaonyesha tayari, hakuna msimbo hata ule unaosubiri. Mpango ulikuwa sasa nifungue kanista ya mkaa inayonasa mvuke wa petroli, na vali ya kupitishia mvuke huo, nizikague. Sina hamu tena. Nimekumbuka jenereta lililoko stoo, linalozima likishafanya kazi kwa muda na kuwaka tena ukifungua tangi, na ukifungua unasikia "fyuuu" ya hewa ikiingia ndani. Kile kifuniko kinatakiwa kupumua, na naamini kimeziba. Chombo ninacho, nitavuta bomba la sindano badala ya kusukuma, nione maji yatanyonywa na kukaa juu au yatashuka. Tatizo ni kwamba mdomo wa tangi lake ni mpana kuliko shingo yangu, kwa hiyo kwanza nitafute kipande cha bomba la plastiki kinachoenea.