Picha za sanduku la bati zilivyosaidia jicho la mama

Kongwa, mkoani Dodoma, kila jicho bovu linaitwa vikope, yaani trakoma. Ni kweli vikope vimewapofusha wazee wetu wengi, lakini jicho la kushoto la mama yangu, pale Kibaigwa, halikuwa na tongotongo wala kope zilizojipinda kwa ndani. Lilikuwa linasogea mbele, polepole, bila maumivu. Tukapewa tyubu ya dawa mara tatu. Jirani akaleta majani ya kukamulia jichoni. Hayo niliyamwaga mwenyewe na sijutii.

Sehemu nyingine wakasema ni goita. Hilo nalikubali, maana kwa watu wazima ugonjwa wa tezi ya shingo ndio unaotokeza macho zaidi. Vipimo vya damu vikala kama elfu sitini hivi, tezi ikakutwa salama. Basi wakasema uzee, mafuta ya jicho yamelegea. Hayo nayo yapo, ila huchungulia chini ya utando wa jicho, laini, ya manjano, na ukiyabonyeza yanarudi ndani. Kwa mama hakuna kilichochungulia.

Kwa daktari bingwa, Dodoma mjini, swali la kwanza lilikuwa limeanza lini. Mama akajibu, "Juzijuzi tu, mwanangu." Mimi nilishajiandaa. Usiku uliotangulia nilikuwa nimelimwaga sanduku lake la bati kitandani: picha ya harusi ya dada ya 2009, kadi ya mpiga kura ya 2015, kitambulisho cha NIDA. Nikazipanga mezani kwa miaka. 2009 macho yako sawa kabisa. 2015 weupe wa jicho la kushoto umeongezeka juu, kidogo mno, lakini ukishauona huwezi kuacha kuuona. Daktari akaziinamia muda mrefu, akasema kitu hiki kina miaka mingi na hakina haraka. Akasimama nyuma ya mama, akamwinamisha kichwa nyuma, akayatazama macho kutokea juu ya paji. Mjaribu na nyinyi nyumbani: jicho lililotangulia linaonekana hapo hapo.

Kipimo cha CT, zile picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, ndicho kilichotoa jibu: uvimbe wa mafuta nyuma ya jicho. Kwenye CT kila kitu husomwa kwa namba: maji husomeka sifuri, mafuta huwa chini ya sifuri, kama hasi mia, nayo huonekana meusi. Shida ni kwamba nyuma ya kila jicho kuna mafuta, kwa hiyo uvimbe wa mafuta hujificha ndani ya mafuta wenzake. Kilichousaliti uvimbe wa mama ni ukingo wake mwembamba, na msuli uliosukumwa pembeni.

Uvimbe ukatolewa mzima, na wote ukapelekwa maabara, kwa sababu saratani ya mafuta inaweza kufanana sana na mafuta ya kawaida na kipande kidogo kikadanganya. Majibu: lipoma, yaani uvimbe wa kawaida wa mafuta, si saratani. Niliketi chini kwenye korido nikalia.

Daktari bado anamwita kila miezi sita. Kila tunapokwenda nampiga mama picha, naandika tarehe nyuma, naiweka kwenye lile sanduku.