Namna Ninavyochagua Programu ya Hisabati ya Mtoto

Mzazi anayetafuta programu ya hisabati kwa ajili ya mwanawe hupokelewa kwanza na rangi, muziki na katuni, na ni rahisi kuishia hapo. Mimi huifungua programu mwenyewe kabla ya mtoto kuigusa, kisha nakosea kwa makusudi, ili nione inamtendea nini aliyekosea.

Tuseme swali ni 42 kutoa 17. Watoto wengi huandika 35, kwa sababu wakiona kwamba 2 haitoshi kutolewa 7, hugeuza na kutoa 2 kwenye 7, wakapata 5, halafu kwenye makumi 4 kutoa 1 ni 3. Huo si uzembe hata kidogo; ni kanuni aliyojitungia mtoto, naye ataifuata katika kila swali la aina hiyo mpaka aonyeshwe inapokwama. Programu dhaifu hupiga kengele, hutaja 25 na kurukia swali jingine. Iliyotungwa na mtu anayejua kufundisha humwonyesha kumi moja likifunguliwa kuwa mamoja 10, yakaungana na yale 2 kuwa 12, ndipo 7 itolewe.

Zile za kuchagua jibu moja kati ya manne siziamini sana, maana hata anayebahatisha hupata robo ya maswali. Za kushindana na saa zina kazi yake, lakini ni kwa mtoto ambaye tayari ameelewa na anataka wepesi tu. Tux of Math Command, ambamo maswali hushuka kutoka juu ya skrini na mtoto huyazuia kwa kuandika jibu, inafaa kwa mazoezi ya jedwali la kuzidisha, si kwa kulifundisha.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya zamani: Logo, lugha ya kuiamuru kompyuta iliyobuniwa mwaka 1967 na mwanahisabati Seymour Papert na wenzake, ambayo baadaye ilipata kobe anayechora kwa kufuata amri. Mtoto anayetaka pembetatu yenye pande sawa humwamuru kobe ageuke nyuzi 60, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kuhusu pembe za ndani, na mara anaona nusu ya umbo la pande sita. Hakuna aliyemwambia amekosa. Anatazama, anafikiri kobe anageuka kutoka wapi kwenda wapi, na mwishowe anafika kwenye 120 kwa akili yake mwenyewe.

Programu inayodai tarehe ya kuzaliwa ya mtoto bila sababu, au inayokatiza swali kwa matangazo, naifuta papo hapo. Kwa wadogo napendekeza GCompris, ambayo ni ya bure na haina matangazo. Kwa walioanza jiometri, GeoGebra, ambamo mwanafunzi huivuta ncha ya pembetatu huku na huku na kuona jumla ya pembe ikibaki nyuzi 180.