Namna Ninavyosimamia Jengo la Kihistoria la Maduka Mjini Iringa

Nasimamia jengo la maduka katikati ya mji wa Iringa kwa niaba ya warithi wa familia iliyolijenga enzi za Waingereza. Chini kuna fremu za biashara zinazotazama barabara, juu kuna vyumba ambavyo zamani familia iliishi na sasa ni ofisi, na mbele yake kuna baraza yenye nguzo ambapo wapita njia hujikinga na mvua. Kwa kuwa linatambuliwa kuwa jengo la kihistoria, siwezi kuvunja ukuta, kubadili paa wala kung'oa mlango bila kibali. Wapangaji wangu, kwa upande wao, wanashindana na maduka mapya ya vioo ambayo yamezidi kuongezeka kadiri vyuo vikuu vinavyoleta wanafunzi mjini na nyumba zinavyosogea hadi Kihesa na kuendelea.

Kabla ya kugusa kitu chochote, nilitaka kuielewa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mji wa Iringa tunaoujua leo ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, miaka miwili baada ya ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Kalenga kutekwa, kwa hiyo hakuna jengo la mjini linaloweza kulindwa kwa umri wake peke yake: lazima waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali, au halmashauri iamue kulilinda kupitia vibali vya ujenzi. Wenye majengo wengi hudhani kwamba nyumba ikishakuwa kuukuu serikali itaizuia isibomolewe, na kwa imani hiyo wanakaa kimya hadi tingatinga lifike. Sheria hiyo hiyo inalinda pia milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kifungu hicho kilinifaa sana siku mnunuzi mmoja alipokuja kutaka mlango wetu mkubwa wa mbele, akiahidi geti jipya la chuma pamoja na fedha taslimu. Nilimsomea kifungu, akaondoka, na mlango upo.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa maji. Iringa ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo ukuta wa mbele ulikuwa ukilowa kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Mafundi waliotangulia walikuwa wamepiga lipu ya saruji juu ya ile ya chokaa wakiamini kwamba saruji itazuia unyevu. Tulipoibandua kwa patasi, ilitoka kwa mapande makubwa, na nyuma yake tukakuta matofali ya kuchoma yaliyofunikwa na chumvi nyeupe, laini kama unga wa sembe, mengine yakimomonyoka kwa kuguswa na kidole. Sababu yake inaeleweka vizuri: matofali hayo yamejengwa kwa udongo, unyevu hupanda ndani yake kutoka ardhini, na chokaa huuachia utoke nje polepole, ilhali saruji huufungia ndani mpaka chumvi ikusanyike na kuusukuma uso wa tofali ubanduke.

Ilibidi nimtafute fundi mwenye umri mkubwa aliyewahi kufanya kazi ya chokaa, kwa sababu vijana wengi wanajua saruji tu. Alichimba shimo nyuma ya jengo, akaizima chokaa ya kuchoma kwa maji, ikachemka na kutoa mvuke huku tukisimama mbali, kisha akaiacha chini ya maji kwa wiki kadhaa mpaka ikawa laini kama siagi. Hapo ndipo aliichanganya na mchanga, sehemu moja kwa tatu, na kuipiga kwa matabaka membamba, akingoja kila tabaka likauke na kulifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua la kiangazi lisilipasue. Nilimpa vijana wawili wajifunze kwake, na malipo yao nikayaandika kama gharama ya jengo, kwa kuwa ukuta huo utahitaji mikono inayoujua hata baada ya mzee huyo kupumzika.

Lipu nzuri bila gata ni kazi bure. Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, tunasafisha gata zote, tunakagua misumari ya mabati na tunahakikisha mfereji wa mbele haujazibwa na taka. Kazi hiyo haina sifa wala haipigwi picha, lakini ndiyo inayolishikilia jengo.

Kwa wapangaji nilihitaji subira zaidi. Mama mmoja anayeuza vitenge aliniita dukani akaniambia, "Mwanangu, wateja wanaona vioo kule ng'ambo, huku kwangu wanaona ukuta." Alikuwa akieleza hasara halisi, na nisingeweza kumjibu kwa hotuba juu ya historia. Tulifungua madirisha ya mbao yaliyokuwa yamepigiliwa misumari kwa miaka mingi, tukapaka chokaa nyeupe ndani, tukaweka taa chini ya baraza na kuyapanga mabango yote kwa kimo kimoja. Duka lake likapata mwanga, na vitenge sasa huning'inia barazani ambapo kila apitaye anaviona. Hajahama.

Mikataba niliiandika upya. Mpangaji haruhusiwi kutoboa ukuta. Nyaya za umeme hupita katika paipu za juu ya ukuta na huwekwa na fundi mwenye leseni tu, kwa kuwa dari na ngazi zetu ni za mbao na moto ndio ninaouhofia kuliko kitu kingine chochote. Nilipiga marufuku pia wapangaji kuuziana fremu kwa kilemba, yaani fedha anayolipwa mpangaji ili ampishe mwingine, bila mimi kujua, maana mtu aliyelipa kilemba kikubwa huamini kwamba amenunua na kuta.

Baadhi ya warithi walitaka kuuza. Mnunuzi alikuwepo, naye alitaka kiwanja tu. Niliwawekea mezani hesabu ya pango baada ya kutoa kodi ya zuio ya asilimia 10, kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na matengenezo. Kisha nikawaomba waulinganishe mji wenye baraza hizi na mji usiokuwa nazo. Walikubali kuacha sehemu ya pango kila mwezi katika akaunti ya matengenezo isiyogawanywa.

Akaunti hiyo ndiyo itakayolipia mabati ya upande wa nyuma, ambayo kutu imeyatoboa. Nimeomba kibali cha kuweka bati la migongo lisilo na rangi, lenye unene unaokaribia wa yale ya zamani, badala ya bati la kisasa la vigae. Mbao za kenchi zimeshakaguliwa na zile zilizoliwa na mchwa zimewekwa alama, ili kibali kikitoka mapema kazi iishe kabla ya Novemba.