Fito Zangu Zilikatikia Usawa wa Udongo

Nyanya zangu za kwanza za kurefuka nilizisimikia fito nyembamba, unene wa kidole gumba, kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu. Zilitosha mpaka vishada vilipojaa. Usiku mmoja mvua ikaja na upepo, na asubuhi nikakuta mstari mzima umelala, matunda mabichi yamezama kwenye tope. Roho iliniuma.

Nilipozikusanya fito zile nikaona karibu zote zimekatika mahali pamoja: usawa wa udongo. Juu zilikuwa ngumu, na ncha za chini nazo nzima. Lakini pale ardhi inapoanzia, mti ulikuwa umeoza kiasi cha kubanduka kwa ukucha. Hapo ndipo unyevu na hewa hukutana, na kuvu wanaoozesha mti wanahitaji vyote viwili. Tena ni hapohapo upepo unapoelemea, maana mmea wenye majani mengi yaliyolowa hushika upepo kama tanga. Fito chache zisizokatika ziling'oka, kwa kuwa nilikuwa nimezidunga kina cha kiganja tu.

Tangu hapo nauchagua mti kwa kuangalia sehemu itakayofukiwa. Nataka urefu wa mita 2.4, sentimita 60 ziingie ardhini, na unene wa sentimita 4 au 5. Naulaza juu ya matofali mawili, kisha naukanyaga katikati, ukilia, nauacha. Mti mbichi siutumii, kwani aina nyingine huchipua na kugombea maji na mche. Mianzi naipenda, lakini iwe imekomaa, miaka 3 na kuendelea, na kichwani naikatia juu kidogo tu ya pingili ili maji yasituame ndani. Penye mchwa, nondo ya chuma haina mpinzani, ingawa ni laini na kamba huteleza. Naifunga kwa kuizungusha mara mbili.

Mti nausimika kabla ya kupanda mche, umbali wa sentimita 10 hivi. Ukichelewa unakata mizizi, na mmea hunyauka siku kadhaa bila wewe kujua kwa nini. Kamba naifunga kwa umbo la namba 8, imekaza kwenye mti, imelegea kwenye shina kiasi cha kupitisha kidole. Vitambaa vya nguo kuukuu ndivyo bora kuliko vyote, havikati shina.

Maharage ya kutambaa sijawahi kuyafunga. Yanajisokota yenyewe, mradi mti uwe mwembamba na wenye gamba la kukwaruza.

Mavuno yakiisha naing'oa miti yote, naisugua kwa maji ya klorini na kuianika, kwa sababu magonjwa ya nyanya hujificha kwenye nyufa. Kisha nabonyeza kila mmoja kwa ukucha, palepale ulipogusana na udongo. Ukibonyea, unaenda jikoni.