Inuka, ule: siku za ugenini baada ya mbio

Somo: 1 Wafalme 18:46 na 19:3–8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Habari za Karmeli tunazipenda kwa sababu ya moto ulioshuka na mvua iliyorudi, na mara nyingi tunaupita haraka mstari wa mwisho wa sura ya 18. Mkono wa Bwana ulikuwa juu ya Eliya, akajifunga viuno, akapiga mbio mbele ya Ahabu mpaka Yezreeli. Ni kilomita zipatazo 25 hadi 30, na mvua ilikuwa inanyesha. Fungua sura inayofuata: mtu yule yule amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake, ameketi chini ya mti wa jangwani uitwao mretemu na anaomba afe.

Juma hili tuwabebe katika maombi wenzetu walio nje ya nchi kikazi kwa miezi miwili au mitatu, na hasa wale waliopanga mbio ziwe mwanzoni, kazi ifuate. Tuchukue Frankfurt, Ujerumani. Mbio ndefu za mji ule, marathoni, zilianza mwaka 1981, na kwa kawaida hukimbiwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mkimbiaji humalizia ndani ya ukumbi mkubwa wa Festhalle, juu ya zulia jekundu, katikati ya taa na vifijo. Mwaka 2011 Wilson Kipsang wa Kenya alimaliza pale kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 42, sekunde 4 tu nyuma ya rekodi ya dunia ya wakati huo. Ukitoka kwenye vifijo vile unarudi kwenye chumba cha kupanga ambamo hakuna anayekujua jina. Jumatatu asubuhi ofisi inakusubiri.

Tazama Mungu alichofanya chini ya mretemu. Eliya hakukemewa kwa kuchoka, wala hakuulizwa imani yake imeenda wapi. Malaika alimgusa, akasema, "Inuka, ule." Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na neno lile lile, akiongeza kwamba safari ni kubwa mno kwake. Basi mpendwa anayemaliza kilomita 42 na mita 195, kisha Jumanne anajikuta analia bila sababu, asikimbilie kusema Bwana amemwacha. Aanze kwa kujiuliza amekula nini na amelala saa ngapi.

Na kula kunaanza Jumamosi. Ujerumani maduka karibu yote hufungwa Jumapili kwa mujibu wa sheria. Yanayobaki wazi ni ya stesheni kubwa na uwanja wa ndege, na baadhi ya maduka ya mikate kwa saa chache. Asiyejua hili anarudi chumbani na medali shingoni, anafungua friji, haoni kitu, naye hana nguvu za kwenda mpaka stesheni. Kwa hiyo Jumamosi anunue mayai 6, mkate, ndizi, mtindi, mchele na chumvi. Maji ya bomba ni salama kunywa, asibebe katoni. Akinunua ya chupa, asitupe chupa: nyingi za plastiki zina senti 25 za amana, anarudishiwa dukani kwenye mashine.

Akivuka mstari wa mwisho asikae chini papo hapo. Damu imejaa miguuni, na miguu ikiacha kusukuma ghafla kichwa huzunguka. Ndiyo maana wengi huanguka wakiwa wameshamaliza. Atembee dakika 10 hadi 15, avue fulana iliyolowa, avae kavu. Baridi ya mwisho wa Oktoba kule haina huruma na mwili uliotoka jasho. Anywe kadiri ya kiu. Kujilazimisha lita juu ya lita za maji matupu hupunguza chumvi katika damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji. Ndani ya saa mbili, mtu wa kilo 60 apate kama gramu 60 za wanga na 20 za protini. Kwa hesabu ya jikoni ni vipande viwili vya mkate, ndizi moja na mayai matatu. Dawa za maumivu jamii ya ibuprofen aziache siku hiyo, kwa kuwa figo zimeshafanya kazi ngumu pasipo maji ya kutosha.

Jumatatu huwa na nafuu kidogo inayodanganya. Maumivu ya misuli hupanda kati ya saa 24 na 72, hivyo Jumanne ndiyo siku ya kushika ukuta. Kushuka ngazi kunauma kuliko kupanda, maana misuli ya mbele ya mapaja inafunga breki huku ikivutwa, na hiyo ndiyo iliyopata michaniko midogo midogo njiani. Ashike reli, ashuke kinyumenyume, asione haya. Ukucha uliogeuka mweusi auache. Lakini shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, hasa baada ya kukaa muda mrefu kwenye ndege au treni, au mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kuomba aombe akiwa njiani.

Kukimbia tena kusubiri siku saba hivi, kisha dakika 20 au 30 za polepole. Huu ndio mtihani mgumu kwa watu wa mazoezi, maana mazoezi ndiyo yaliyokuwa yanajaza jioni zao. Jioni sasa ni tupu, tena ni ndefu.

Jambo hili lina sababu yake. Usiku wa kuamkia Jumapili ile ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma: saa tisa usiku inakuwa saa nane. Mkimbiaji anapata saa moja zaidi ya kulala, ni neema. Ila kuanzia siku hiyo jua linazama mapema, kama saa kumi na moja na dakika kumi jioni, na kufikia Desemba ni saa kumi na nusu hata haijafika. Mtu aliyezoea jua la Ikweta anaingia ofisini na giza, anatoka na giza. Atoke nje mchana, dakika 20 za mapumziko ya chakula, atembee hata kama kuna mawingu. Na tofauti ya saa na Afrika Mashariki inatoka moja kwenda mbili. Simu inajirekebisha yenyewe, sisi tulio nyumbani hatujirekebishi. Maombi yetu ya saa tatu usiku aliyokuwa akiyapata saa mbili, sasa kwake ni saa moja, na pengine bado yuko ndani ya treni.

Turudi kwenye mkate wa makaa, kwa sababu kuna nguvu katika chakula ambacho mwili unakifahamu. Unga wa ugali hupatikana katika maduka ya Waafrika, na Frankfurt yapo karibu na stesheni kuu. Ukikosa, nunua chenga za mahindi, lakini soma pakiti: lazima iwe na neno Mais. Iliyoandikwa Weizengrieß ni ngano, na Maisstärke ni wanga mtupu, ukiipika utapata gundi. Chemsha vikombe viwili na nusu vya maji, tia chumvi kidogo, mimina kikombe kimoja cha chenga taratibu huku mkono wa pili ukikoroga. Ukimwaga kwa mpigo zinashikana mabonge yenye unga mkavu ndani. Zilizopikwa kiwandani huiva kwa dakika chache. Za kawaida zinataka nusu saa ya moto mdogo, na ukiharakisha zitakuwa kama mchanga mdomoni na tumbo litajaa gesi. Songa mpaka sima iachie sufuria, funika dakika kumi. Mboga ipo: kuanzia msimu wa baridi masoko ya Wajerumani huuza Grünkohl, ndugu wa damu wa sukuma wiki. Kata nyembamba, kaanga na kitunguu. Rangi ile ya kijani na harufu ile ya kitunguu ndani ya chumba kidogo cha ugenini ni gudulia la maji kabisa.

Chumbani humo humo kuna mengine. Hita huwa na namba, na namba 3 ni kama nyuzi 20, inatosha. Nguo za mbio zikianikwa ndani, dirisha lifunguliwe wazi kabisa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, la sivyo ukungu mweusi utaota pembeni mwa ukuta na mwenye nyumba atadai fidia. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa za utulivu, na Jumapili ni kutwa nzima. Mpendwa aliyezoea mkesha wa kupaza sauti atagongewa mlango. Aende ukingo wa mto Main mapema jioni, pale anaweza kuimba akitembea. Chumbani aombe kwa sauti ya chini. Bwana alitaja chumba cha ndani na mlango uliofungwa, na Baba aonaye sirini.

Kitu kimoja kwenye somo letu hakinunuliwi dukani. Malaika alimgusa, mara mbili. Mtu wa safari ya kikazi anaweza kumaliza majuma matatu bila mkono wa mtu kumfikia begani. Ndiyo maana ibada ya kwenye kompyuta haimtoshi. Atafute kusanyiko, hata kama lugha inampita. Atashikwa mkono mlangoni, na hapo hapo anaweza kuuliza nani anakula peke yake Jumapili.

Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja Horebu, baada ya siku arobaini za kutembea kwa nguvu za chakula kile. Basi wenye ndugu walio nje, tuwapigie juma hili saa nne usiku ya kwetu, kwao itakuwa saa mbili, wameshatoka kazini. Mambo ya huduma na ratiba ya kurudi yangoje. Tuanze na hili: umekula?