Kamera ibaki mikononi mwake

Wapigapicha wenzangu wa hapa Unguja wananiuliza sana, kwa nini nikimuona kijana anahangaika na kamera njiani mie husimama nimsaidie, si natengeneza mshindani huyo, kesho atachukua harusi zangu kwa nusu bei. Jibu langu ni lile lile siku zote, harusi hazimaliziki. Ikifika Shaaban watu wanakimbizana waoe kabla ya Ramadhani, Idd ikipita wanaanza tena, siku moja unapigiwa simu na familia tatu na wewe ni mmoja. Wanaokosekana ni watu wanaoijua kazi. Familia ikiharibiwa picha za harusi mara moja basi inawachoka wapigapicha wote, mwakani wanamwambia mpwa wao apige kwa simu yaishe. Kwa hiyo nasimama.

Na hata wakubwa wetu kuna mtu aliwashika mkono. Ranchhod Oza, yule aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi kwa Gomes, mpigapicha mwenye studio wa zamani hapa Unguja, akajifunza mle mle afu akatoka akafungua yake, akawa anapiga mpaka jumba la Sultani na mwanawe akaja kuiendeleza. Enzi zile kazi ilikuwa na mlango wa kuingilia, unakaa studio, unafagia, unaosha sinia za dawa, unamtazama bwana mkubwa anavyomgeuza mtu bega, miaka ikipita unajua. Saivi mlango ule haupo tena kwa wengi, kijana anaagiza kamera au analetewa na jamaa, anakaa na video za YouTube za mtu anayepiga kwenye theluji, afu anatoka nje na jua letu la saa saba mchana na haelewi kwa nini macho ya watu yamekuwa mashimo meusi. Anayekutana naye njiani ndo studio yake.

Sasa namna ya kumsaidia, na hapa ndo naona wengi wetu tunakosea. Ukishasalimia, ukishaona anataka kusaidiwa (maana wengine hawataki, waache kwa amani), usiichukue kamera yake. Ile "hebu lete nikuoneshe" inaharibu. Unaishika, unazungusha vitufe ambavyo hajaviona umevizungusha vipi, unapiga picha kali, unamrudishia, na yeye anabaki na picha yako kwenye kadi yake na aibu juu. Mie mikono naiweka nyuma kabisa, nasema kwa mdomo tu, na akichelewa kukiona kitufe nasubiri. Anachelewa sana, najua, lakini kidole chake kikishakipata mara moja kitakipata na kesho akiwa peke yake.

La pili, kitu kimoja tu. Tundu la lenzi linaloingiza mwanga, kasi ya shata (kile kipazia kinachofunguka na kufunga) na ISO (kamera inavyohisi mwanga) ukimmwagia zote tatu pale pale umesimama barabarani utamuona anaitikia "ndio kaka, ndio kaka" na macho yameshaondoka. Angalia picha zake tano sita za mwisho, utaona kinachomsumbua ni kimoja, shika hicho.

Mfano kijana mmoja nilimkuta Forodhani, jioni, makachu wako kwenye kilele, wale vijana wanavyokuja mbio na kujirusha kutoka ukutani mpaka baharini na watalii wamejaa. Huyu kijana ana kamera nzuri tu, ami yake kamletea kutoka Maskati, iko kwenye oto, kamera inajipangia kila kitu, anapiga tu mfululizo halafu anatazama nyuma ya kamera anatingisha kichwa. Nikamsalimia, nikamuuliza zinatoka?

"Zinatoka kaka, lakini watu wanakuwa kama moshi. Na sura hazionekani."

Matatizo mawili hayo. La sura ni kwa sababu pale tunaelekea magharibi, jioni jua liko nyuma ya mrukaji, kamera inauona mwanga wa mbingu inapunguza kila kitu na mtu anakuwa mweusi. Hilo nikaliacha, tena mrukaji mweusi mbele ya mbingu nyekundu ni picha nzuri kweli kweli. Nikashika la moshi. Nikamwambia zungusha kile kidude cha juu mpaka kwenye Tv, ndo pa kuchagua kasi ya shata mwenyewe (yake ilikuwa Canon, kwenye Nikon na Sony utaona S), sasa zungusha gurudumu mpaka isomeke 1000. Akauliza elfu ya nini. Nikamwambia sekunde moja umeikata vipande elfu, umechukua kimoja, mtu hawezi kwenda mbali ndani ya kipande hicho. ISO iache kamera ijipangie yenyewe.

Halafu fokasi. Alikuwa anamfukuza mtu akiwa tayari hewani, kamera inatafuta na kutafuta, mtu keshazama. Nikamwambia usimtafute mtu, mlenge yule aliyesimama pale pembe ya ukuta wanaporukia, bonyeza nusu, shikilia hapo hapo usiachie, subiri wa kuruka aje mwenyewe. Za mwanzo miguu ikakatika, akarudi nyuma hatua mbili. Afu akaja mmoja mrefu kaptula nyekundu akajikunja hewani, magoti kifuani, na matone ya maji kutoka kwenye nywele zake yakaonekana moja moja kama shanga. Yule kijana alivyoiona akapiga ukelele pale mpaka muuza urojo akageuka. Wallahi ile sauti ndo naipendea kazi hii. Sikumfundisha kitu kingine siku ile, giza kwetu halichelewi jua likizama, nikampa namba yangu nikaenda zangu. Wiki iliyofuata akanitumia picha kauliza mwenyewe, kaka nifanyeje sura ionekane. Sasa la pili linaingia, maana kaliuliza yeye. Nikamwambia zunguka mpaka jua liwe ubavuni mwako, usilitazame usoni, na wahi mapema, alasiri, lisijashuka sana.

Wengine hawana kamera kabisa wana simu, na hao msiwadharau jamani. Mtu wa simu mie namfundisha mwanga kwanza na Mji Mkongwe umejaa mwanga wa bure. Vichochoro vyetu vimebana, jua halifiki chini, mwanga unaingia kwa juu umelainika. Chukua mlango wowote ulio wazi (ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba), mtu asimame hatua moja ndani, uso autazame uchochoro. Uso unapata mwanga wa nje, nyuma yake ndani kuna giza, basi anatoka amejitenga na kila kitu kama kapigwa studio. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kikija kile kialama cha jua kishushe kidogo ngozi isiungue. Nimeona watu wanaacha kutamani kamera kwa miezi baada ya kujua mlango tu.

Swali la kamera gani ninunue linakuja kila mara na mie silipendi kulijibu haraka. Kama unayo ya zamani na ile lenzi iliyokuja nayo ya 18-55 piga nayo hiyo mpaka ujue inakukwamisha wapi. Mtu anayeniambia "nikiwa ndani ya ukumbi usiku picha zinajaa chengachenga" huyo namwambia atafute lenzi ya 50mm ya f/1.8, yaani tundu lake linafunguka sana, ni rahisi kuliko lenzi karibu zote na inaingiza mwanga mwingi, ila kwenye kamera hizi zenye sensa ndogo inavuta karibu, chumba kikiwa kidogo utapigwa na ukuta mgongoni. Anayesema tu "nataka kubwa" namwambia bado.

Lakini kuna jambo ambalo hazikwambii zile video na sisi wa pwani lazima tumwambie mtu siku ya kwanza, ni kuvu. Unyevu wetu huu ukifungia lenzi kabatini kwenye mkoba miezi mitatu unatoa unakuta utando kama wa buibui ndani ya kioo, na kusafisha ni ghali na wakati mwengine haitoki. Chukua kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana, weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi, vibadilishe, na lenzi itoe nje uitumie, isilale. Na ukiwa ukumbini kwenye kiyoyozi halafu bi harusi anatolewa nje, kioo kinaingia ukungu papo hapo na picha ya kutoka mlangoni ndo umeikosa. Kama unajua ratiba, tangulia na kamera nje mapema ipate joto.

Kitu kingine, adabu. Namfundisha kuomba kabla ya kunyanyua kamera, hasa pale Darajani sokoni, kinamama hawapendi na wana haki yao. Askari na bandarini usipige. Watoto wa watu, muulize mzazi. Hili silileti kama nasaha, nalionesha, nakwenda naye kwa muuza samaki, natoa salamu, naomba, akikataa nasema ahsante naondoka, kijana ameona.

Na sasa wasichana, maana hapa nina moto kidogo. Shughuli za wanawake hapa kwetu, singo (kumsugua bi harusi kwa manukato), kupamba maharusi, usiku wa kina mama, mwanamme haingii, wala si sawa aingie. Kazi ile yote ni ya wapigapicha wanawake na hawatoshi, familia zinatafuta mpaka zinaazima mtu kutoka Dar. Halafu nakutana na msichana kwenye baraza anapiga picha rafiki yake, anajua mwanga kuliko vijana wengi, namuuliza hufanyi kazi? ananiambia aah hii kazi ya wanaume. Nani kamwambia! Mie mwanamme siwezi kumpeleka ndani ya shughuli, kwa hiyo ninachofanya ni kumuunganisha na dada mmoja wa fani, mbele ya mama yake au kaka yake ili kila mtu ajue, aanze kwa kumshikia flashi na kukaa na kamera ya pili. Wenzangu wanaume, mkiwa na dada wa namna hiyo kwenye simu yenu wapeni namba wasichana mnaowakuta, msikae nazo.

Mmoja wao juzi kaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, wameniita mwenyewe sasa, shughuli ya shangazi wa rafiki yangu, nichukue shilingi ngapi?" Bei sikumtajia, nikamwambia akamuulize yule dada, wao wanachukuaje ili asimvunjie mtu soko. Ila nilimwambia nusu uchukue kabla ya siku, tarehe ya kukabidhi picha iandikwe hata kwa meseji, na wakubaliane kabisa kwamba hakuna picha ya mwanamke yeyote itakayowekwa mtandaoni bila yeye kukubali. Na kadi usiifute mpaka picha ziwe sehemu mbili na wenyewe wameshazipokea, hata kama kesho yake una shughuli nyengine na kadi ndo hiyo hiyo moja. Nunua ya pili, hiyo nusu waliyokupa ianzie hapo.