Machozi, jasho, nyongo na Kilatini cha hospitali

Wenye watoto wanaosomea uuguzi hapa Mombasa, kaeni nao wanapodurusu, raha yake kubwa. Jana baada ya Isha, barazani kwetu Majengo, mpwa wangu alikuwa amezama kwenye majina ya Kilatini. Nikamwambia, mwanangu, usikariri, tafuta mzizi. Chozi ni lacrima, ndipo tezi ya machozi, iliyo juu ya jicho upande wa nje, ikapata jina lake. Jasho ni sudor. Damu ni sanguis.

Tulikwama kwenye bilirubini, ile rangi iliyomo kwenye nyongo. Bilis ni nyongo, ruber ni nyekundu.

“Khalati, mbona nyekundu, na mgonjwa wa ini macho yake huwa manjano?”

Swali zuri mno! Bilirubini hutokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjwavunjwa, na yenyewe ikikusanyika huwa ya rangi ya chungwa iliyoiva. Ini likishindwa kuitoa, hujaa mwilini, na weupe wa macho ndio huonyesha umanjano mapema.

Hemoglobini nayo, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, imeanza na Kigiriki, haima, damu. Leo usiku tunaingia figo: ren kwa Kilatini, nephros kwa Kigiriki.